Kulinda stoo ya shamba kwa miiba, chuma na majirani: mwongozo kamili kwa wakulima wa Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Aliyeiba pampu yangu ya maji kule Bahati, Nakuru, hakugusa kufuli. Alifungua skrubu za bawaba kwa bisibisi, akaulaza mlango chini taratibu, akabeba pampu na mipira miwili, akatokea nyuma kupitia mahindi ya jirani. Asubuhi nilikuta kufuli limefungwa vilevile nilivyoliacha, likining'inia kwenye mlango uliolala majanini.

Tangu siku hiyo nimeacha kuitazama stoo kwa macho ya mwenyewe. Naitazama kwa macho ya mtu aliyebeba mzigo. Pampu nyingi za petroli zina uzito wa kilo 20 hivi au zaidi. Mtu mwepesi hupenya karibu popote, lakini mwenye pampu begani hawezi kuruka ua, hawezi kutambaa, na hawezi kupita kwenye miiba bila kuacha ngozi yake hapo. Kwa hiyo swali la kwanza si ataingiaje. Uliza atatokea wapi na mzigo. Ukifunga njia zote za kutokea ikabaki moja, na hiyo moja ikapita mbele ya macho ya watu, kazi kubwa umeimaliza. Miti ya miiba hufanya kazi hiyo vizuri kuliko ukuta, tena kwa gharama ndogo, ila inadai subira ya miaka mitatu hivi. Hatua zinazofuata zimepangwa ili stoo iwe salama ndani ya miaka hiyo mitatu na baada yake.

Hatua ya 1: Zunguka usiku

Chagua usiku usio na mbalamwezi, saa mbili au saa tatu, uzunguke stoo bila tochi. Simama kila upande ujiulize: hapa nikisimama dakika kumi, nani ataniona? Kisha mwambie mtu wa nyumbani asimame jikoni au kwenye kibaraza, nawe usogee mlangoni mwa stoo. Akikuona, mlango uko mahali pazuri. Asipokuona, kabla ya kununua kitu chochote ondoa kinachokuziba: kichaka cha tithonia, rundo la kuni, tangi kuukuu, ndizi zilizojiotea.

Tithonia naitaja kwa makusudi. Magharibi mwa Kenya, kutoka Vihiga hadi Siaya, imejaa kwenye mipaka, na ni mbolea nzuri ya majani. Lakini haina mwiba hata mmoja, na inarefuka kumpita mtu. Ukiipanda kando ya stoo umemjengea mwizi chumba cha kungojea. Ikate uipeleke kwenye mboji.

Chora ramani ndogo ya unachokiona: mlango, dirisha, njia ya miguu, mpaka wa jirani, mahali ng'ombe na mbuzi wanapopita. Ramani hiyo ndiyo itakayokuambia upande upi upandwe miiba mirefu, upi ubaki wazi.

Hatua ya 2: Chagua mti kulingana na ulipo

Ushauri wa jumla huumiza watu hapa, kwa sababu Molo ya nyanda za juu si Ahero ya uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Nakuru mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, Kisumu iko karibu na mita 1,130, na Molo ni juu zaidi, penye baridi kali. Udongo nao ni tofauti: wa Nakuru ni mwepesi, wa asili ya volkano, hupitisha maji haraka. Wa uwanda wa Kano ni mweusi, hunata mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikija.

Kwa Nakuru, Njoro, Bahati, Subukia na sehemu nyingi za nyanda za juu, mti wangu wa kwanza ni kayaba, wengine husema kaiyaba. Asili yake ni kusini mwa Afrika, ambako ulipata jina kutokana na Mto Kei. Miiba yake hufika urefu wa sentimita 7, ni migumu kiasi cha kutoboa tairi, na mti wenyewe hustahimili ukame. Matunda yake ya manjano ni makali mdomoni lakini hutengeneza jamu nzuri. Hukua polepole, na hilo ndilo lalamiko la kila mtu. Kwangu mimi ni faida, maana ua ukishakomaa hautakusumbua kwa kukatwa kila mwezi.

Kwa Kisumu na sehemu za joto karibu na ziwa, napendekeza bogonvilia. Watu huiona kama pambo la lango, wakasahau kwamba ina miiba mikali iliyojificha ndani ya maua. Inapenda jua na joto, inavumilia kiangazi, na huota kutokana na vipande vya tawi tu. Inahitaji waya au nguzo za kuegemea, la sivyo inajimwaga ovyo.

Mti wa tatu, ambao watu wanausahau ingawa ni wa kwetu, ni mtandamboo. Waluo huuita ochuoga. Una miiba iliyopangana miwili miwili, majani yake hubaki ya kijani mwaka mzima, na watoto wanaupenda kwa matunda yake meusi matamu. Huota penye mawe na udongo duni. Kama una mwinuko mkavu wenye mawe, anza na huu.

Mkonge hufaa kuziba pembe na pengo, hasa pale nyuma ambapo hakuna anayepita. Panda kila nusu mita. Kata ncha za majani yaliyo karibu na njia ya watoto, kwa kuwa ncha hizo huwa kimo cha jicho lao.

Halafu kuna mnyaa, ojuok wa Waluo, ambao umezunguka boma nyingi Nyanza. Hauna miiba, lakini mifugo haiugusi, na tawi likivunjika hutoa maziwa meupe yanayochoma. Yakiingia jichoni ni hatari ya kweli. Kama tayari upo, uache uwe ukuta wa nyuma, na ukiukata vaa miwani na mikono mirefu. Sikushauri uupande upya penye watoto.

Miwili nakuomba usiipande. Wa kwanza ni ule mwiba wa kuparamia wenye maua ya manjano yaliyosimama kama mshumaa, ambao wataalamu huuita Caesalpinia decapetala. Ni kweli hakuna mtu wala mnyama anayeupita. Lakini hautulii mahali pamoja: hupanda juu ya miti mingine ukaifunika, mbegu zake husambaa, na kuung'oa ni kazi ya miaka. Wa pili ni lantana. Miiba yake ni midogo, ng'ombe akiila hupata sumu, na nayo huvamia malisho.

Na wale wenye ua wa saipresi, kama ilivyo kawaida Nakuru: usiung'oe. Hauna miiba, lakini unaweza kupitisha nyaya tatu za seng'enge katikati ya matawi, na baada ya mwaka mmoja majani yatazificha kabisa.

Hatua ya 3: Pima na uhesabu miche

Tuchukue stoo ya upana wa mita 4 na kina cha mita 3, mlango ukiwa mbele. Ua wa miiba uzunguke nyuma na pande mbili, ukiwa sentimita 80 kutoka ukutani. Usiusogeze karibu zaidi, utashindwa kupita kukarabati ukuta, na unyevu utaharibu mbao. Usiuweke mbali zaidi pia, maana nafasi pana kati ya ua na ukuta humpa mwizi uchochoro wa kufanyia kazi bila kuonekana.

Nyuma utapata mita 5.6, na kila upande mita 3.8. Jumla ni mita 13.2. Uchochoro una midomo miwili mbele: mmoja uzibe kwa miche, sentimita 80 nyingine, na mwingine uwekee kilango kidogo cha chuma chenye kufuli ili uingie kukata matawi. Sasa una mita 14. Kayaba hupandwa sentimita 30 kutoka mche hadi mche, mistari miwili. Hiyo ni miche 47 kila mstari, 94 kwa jumla. Agiza 105, kwa sababu kadhaa itakufa. Kwa bogonvilia mstari mmoja watosha, mche kila sentimita 60 hadi mita moja.

Ukitaka kuotesha kayaba mwenyewe, okota matunda yaliyoiva, toa mbegu, zioshe utelezi wote utoke, zianike kivulini, kisha uzipande mapema zikiwa mpya. Miche iwe imefika kimo cha shubiri moja na zaidi kabla ya kuipeleka shambani. Bogonvilia ni rahisi: kata tawi lililokomaa lenye unene wa kidole, urefu wa sentimita 25, lichomeke kwenye udongo wenye mchanga, kivulini, ulimwagilie.

Kama ua huo unagusa mpaka, zungumza na jirani kwanza, na upande ndani ya ardhi yako angalau mita moja. Miiba hukua kuelekea kwake pia, na atakuwa na haki ya kulalamika.

Hatua ya 4: Panda masika

Chimba mtaro mwezi Machi, udongo ukiwa ungali mkavu, upana sentimita 60 na kina sentimita 45. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na samadi iliyooza vizuri, toroli moja kwa kila mita tatu, urudishe chini. Mvua za masika zikishashika, mwishoni mwa Machi au Aprili, panda. Mstari wa pili uwe sentimita 30 kutoka wa kwanza, na kila mche wake ukae katikati ya miwili ya mstari wa mbele, ili mwanya wa huku uzibwe na wa kule.

Kwenye udongo mweusi wa Kano usipande ndani ya mtaro. Inua tuta la sentimita 30 upande juu yake, la sivyo mizizi itazama kwenye maji mwezi wa Mei.

Mbuzi watakula miche midogo ya kayaba kabla haijaota miiba ya kutosha. Izungushie matawi makavu ya mgunga siku ileile unayopanda, usingoje kesho. Kiangazi cha kwanza, Desemba hadi Februari, mwagilia mara mbili kwa wiki na uweke matandazo. Mwaka wa pili itajitegemea.

Hatua ya 5: Kata mapema, hata kama moyo unauma

Nyua nyingi ninazoziona zimeharibikia hapa. Mkulima anafurahia mche unaopanda juu, anauacha ufike kifuani, halafu anashangaa chini kuna mashimo ambayo mbwa, na baadaye mtu, anapita kwa kutambaa. Shimo la chini likishakuwepo halizibiki kwa urahisi.

Mche ukifika magotini, ukate ubaki sentimita 20 au 25. Ndiyo, wote, mstari mzima. Utachipua matawi manne au matano kutoka karibu na ardhi. Kila yanapoongezeka sentimita 30, kata nusu yake. Fanya hivyo hadi ua ufike kimo unachotaka. Uwe mpana chini na mwembamba juu, jua lifike hadi kwenye matawi ya chini.

Nyuma uache ufike mita 1.8. Pande zinazoonekana kutoka nyumbani usipite mita moja na kidogo, uweze kumwona mtu aliyesimama. Mbele ya mlango usipande chochote kinachopita magoti. Chini ya dirisha panda mtandamboo au bogonvilia iliyokatwa fupi.

Vaa glavu za ngozi na viatu vizito. Matawi uliyokata usiyaache yakizagaa, watoto wanatembea pekupeku. Mimi huyasukumia kwenye pengo lolote lililobaki, mwiba mkavu ukisaidia ule mbichi.

Hatua ya 6: Kinga ya muda

Miche inapokua, simamisha nguzo nje ya mstari wake, kila mita mbili na nusu, uvute seng'enge nyaya tano, ya chini kabisa ikiwa sentimita 15 kutoka ardhini. Nguzo zisizotiwa dawa huliwa na mchwa haraka. Kama hununui zilizotiwa dawa, paka oili chafu sehemu itakayoingia ardhini, uipake mara mbili, uiache ikauke. Zika sentimita 60 na ushindilie kwa kokoto. Kwenye udongo mweusi zidisha kina, kwa kuwa nyufa za kiangazi hulegeza kila kitu. Miti ikikomaa itaimeza waya hiyo, nayo itakuwa kama mifupa ndani ya ua.

Hatua ya 7: Mlango, kisha paa, kisha chini

Hii unaweza kuianza leo, haingojei mvua. Toa skrubu zote za bawaba na za komeo. Badala yake weka bolti za kichwa cha duara zinazopita mbao nzima, nati na washa zikiwa ndani. Nje mwizi atakutana na kichwa laini kisichoshikika kwa spana wala bisibisi. Kama mlango ni wa chuma na unafungukia nje, mwambie fundi achomelee juu na chini ya pini ya bawaba isivutike. Ningefanya hili mapema, pampu yangu ingekuwepo.

Kufuli zuri kwenye komeo jembamba ni pesa iliyopotea, kwani watu hukata komeo. Suluhisho bora ninalolijua liko kwenye mageti mengi ya mjini: tundu la kupitisha mkono, na kufuli likiwa ndani ya kisanduku cha chuma. Msumeno haufiki, mtaimbo haupati pa kushika. Fundi yeyote wa jua kali anajua kulitengeneza. Kwenye vumbi la Nakuru usitie kufuli mafuta, yanashika vumbi na kuziba. Saga ncha ya penseli, unga wake mweusi uumwagie kwenye tundu la ufunguo.

Paa la mabati hufunguliwa kwa kung'oa misumari ya ukingoni. Tumia misumari mirefu inayotokeza chini ya mbao, kisha upinde ncha zake kwa ndani. Ukingoni piga msumari karibu zaidi kuliko katikati. Mabati ya geji 28 ni mazito kuliko ya geji 30, na kwa stoo yenye vitu vya thamani tofauti hiyo ina maana. Aliye na uwezo aweke wavu wa chuma chini ya mabati. Tawi lolote la mti linalolala juu ya paa liondoe.

Ukuta wa mabati au wa udongo huchimbwa kwa chini. Zungusha mawe na saruji, kina cha sentimita 30. Dirisha liwe dogo, na nondo za milimita 12 zikae kila sentimita 10, zikiwa zimezikwa ndani ya ukuta, zisiwe za kupigiliwa kwa juu.

Hatua ya 8: Ndani

Mtaimbo, shoka, jembe na ngazi visilale nje hata usiku mmoja, kwa sababu ndivyo vitakavyovunja mlango wako. Zika pete nene ya nondo kwenye saruji ya sakafu, upitishe mnyororo kwenye pampu, toroli na pampu ya dawa, ufunge kwa kufuli la pili. Petroli isikae humo pamoja na mbolea na dawa. Ufunguo usiuweke chini ya jiwe wala kwenye upenu, maana kila mtu huangalia hapo kwanza.

Weka alama kwenye kila kitu. Mipini ichome kwa chuma cha moto herufi za jina lako, na pampu ichongwe au ichomelewe mahali ambapo kuifuta kutaiharibu. Piga picha ya kila kifaa na nambari yake, uitume kwa ndugu yako, maana simu nayo huibwa. Wizi mwingi wa shambani huishia kwenye vyuma chakavu. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke rekodi ya anachonunua, na mali yenye alama humtia hofu anunuaye.

Hatua ya 9: Mwanga na kelele

Taa ya sola yenye kihisi mwendo, ikiwa juu mita 3 na ikielekea mlangoni, hushinda taa inayowaka usiku kucha. Karibu na ziwa kuna sababu ya ziada: taa inayowaka muda wote huvuta mawingu ya wadudu wa ziwani, asubuhi ukuta mzima ni mweusi. Nakuru, Januari na Februari, futa kioo cha sola kila wiki, vumbi huizima taratibu bila wewe kujua.

Mwaga kokoto kwenye uchochoro na mbele ya mlango, unene wa sentimita 5. Hakuna anayetembea juu yake kimya. Kanga wachache wakilala mtini karibu na stoo watapiga kelele kwa kila mgeni, na bata bukini vivyo hivyo. Mbwa apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na afundishwe kula kwenye bakuli lake tu, kwa kuwa wezi hutupa nyama yenye sumu.

Hatua ya 10: Watu

Miiba haipigi simu. Mwonyeshe jirani wa nyuma ua wako, mpe nambari yako, mwombe akikuta mtu asiyemjua aulize tu, "Habari yako, unamtafuta nani?" Salamu hiyo imewarudisha wengi. Kikundi chenu cha Nyumba Kumi kijue una stoo, lakini orodha ya kilichomo ibaki kwa watu wa nyumbani. Vibarua wa msimu wasiingie ndani, wapewe vifaa mlangoni na kuvirudisha mlangoni. Silisemi hili kwa dharau. Wengi wao ni waaminifu, na wasipojua kilichomo, siku kikipotea hakuna atakayewanyooshea kidole.

Ukiibiwa, usiguse mlango. Piga picha, mwarifu mzee wa kijiji na naibu wa chifu, halafu nenda kituo cha polisi ukaandikishe na uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Mambo matatu usiyafanye kamwe. Usiunganishe stima ya nyumbani kwenye waya wa ua. Inaua, na anayekufa mara nyingi ni mtoto aliyefuata mpira au ng'ombe wa jirani. Usitege mtego wa kumjeruhi mtu, shimo wala misumari iliyofichwa. Mwiba unaoonekana ni onyo, mtego uliofichwa ni shambulio, na utajibu mahakamani. Na mwizi akikamatwa, simama kati yake na umati hadi polisi wafike. Pampu hununuliwa tena.

Kila mwaka

Mwezi wa Juni, masika yakiisha, zunguka ua kwa kutambaa, si kwa kutembea. Tazama chini ya matawi pale maji ya mvua yalipopita, huko ndiko mianya hufunguka. Kila mwanya uzibe kwa mkonge au mche mpya kabla ya mvua za vuli. Kaza nati za bawaba, jaribu taa, hesabu vifaa kwa kutumia zile picha. Mimi huanza na kona ya nyuma upande wa kushoto, iliyo karibu na mahindi ya jirani.